Ndege wahamaji wa bustanini na msituni Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Oktoba simu yangu hujaa picha za ndege aliye mdogo kama nukta, juu kabisa ya mwembe, huku jua likimulika kutoka nyuma yake. Chini ya picha, swali ni lile lile: "Mwalimu, huyu ni nani?" Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi. Naishi nje kidogo ya Entebbe, kwenye kiwanja chenye mparachichi mmoja, mfenesi mmoja na ua wa lantana (Waganda huiita kayukiyuki) ambao mwenye nyumba anautaka ung'olewe na mimi nautetea kila mwaka.

Tunazungumzia ndege gani hasa?

Ni ndege wadogo waimbaji wanaozaliana Ulaya na Asia ya kaskazini, kisha wakaishi huku Afrika wakati kwao ni baridi. Ukurasa huu hauhusu korongo, wala bulwe (yule mkubwa mwenye mdomo kama kiatu) wa kinamasi cha Mabamba, wala kaloli (korongo mwenye upara) wa jalalani Kampala. Wengi wa hawa hawafikii gramu 25. Hupita kwenye mparachichi wako bila mtu kugeuza shingo, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya: watu hulipa pesa nyingi kwenda mbugani, na aliyesafiri kuliko watalii wote yuko juu ya choo cha nje anakula viwavi.

Wanafika lini, wanaondoka lini?

Mbayuwayu na yule wa manjano anayetikisa mkia huanza kuonekana Septemba. Wengine wengi hufika Oktoba na Novemba, pamoja na mvua. Machi kuna pilikapilika kubwa, maana wale waliokwenda kusini zaidi yetu hupita wakirudi kaskazini, na wa hapa nao wanajiandaa. Kufikia mwisho wa Aprili karibu wote wamekwenda. Andika tarehe ya kwanza uliyomwona kila mmoja. Daftari la shule la kurasa 96 linatosha miaka mingi, na baada ya misimu miwili mitatu litakuambia mambo ya kiwanja chako ambayo hakuna kitabu kinachoyajua.

Kwa nini wanakuja kwetu? Si wana kwao?

Wanakula wadudu, na wakati wa baridi kule kaskazini wadudu hawapo. Hapa kwetu Oktoba mvua imefufua kila kitu: viwavi kwenye majani, kumbikumbi wakitoka kwenye kichuguu, na wale nzi wa ziwani wanaopanda juu ya Ziwa Victoria kama moshi.

Ila hilo neno "kwao" linanisumbua kidogo. Chukua ndege anayefika Uingereza mwishoni mwa Aprili na kuondoka Agosti. Amekaa kule miezi minne. Miezi iliyobaki yuko njiani au yuko Afrika. Kule hutaga na kulea, huku hula, hubadilisha manyoya na huishi. Ukimwita ndege wa Ulaya aliyekuja kututembelea, umemhesabia uraia kwa mahali alipozaliwa peke yake. Mzee anayelinda geti letu, mtu wa Arua, huwa ananiambia, "Mwalimu, wale wako wamerudi." Anasema wamerudi, hasemi wamekuja.

Ikweta mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Wanajuaje kwamba saa ya kurudi imefika?

Swali zuri, na aliwahi kuniuliza mwanafunzi wa darasa la sita. Kule kaskazini urefu wa mchana hubadilika sana, na ndege huutumia kama kalenda. Hapa kalenda hiyo karibu haina kurasa. Mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege hawa katika vyumba ambamo mwanga na giza havikubadilika mwaka mzima. Hata hivyo, msimu wa kusafiri ulipokaribia walianza kuhangaika usiku, wakirukaruka tunduni, na manyoya yao yalibadilika kwa zamu yake. Kwa hiyo wana saa ya mwaka ndani ya mwili. Haiendi sawasawa na miezi 12, lakini inatosha kumwambia ndege aliye Entebbe kwamba ni wakati wa kula kwa bidii na kunenepa.

Na kunenepa si mzaha. Kuna ndege wa vichakani, *Sylvia borin* (majina ya namna hii ni ya kisayansi), wa rangi ya majivu yaliyochanganyika na kahawia, asiye na alama yoyote ya kumtambulisha. Uzito wake wa kawaida ni kama gramu 18. Kabla ya kuvuka Sahara anaweza kukaribia mara mbili ya hapo, na nyongeza yote ni mafuta. Ndiye anayekula matunda meusi ya lantana yangu. Sasa unajua kwa nini nautetea ule ua.

Mimi sijui ndege hata mmoja. Nianze na nani?

Anza na *Phylloscopus trochilus*. Sijasikia mtaani jina la Kiswahili la kumtenga na wenzake, kwa hiyo nyumbani kwetu anaitwa Kijani. Mgongo ni wa kijani kilichofifia, kifua kina umanjano mwepesi (kwa waliozaliwa mwaka huo umanjano hukolea), na juu ya jicho kuna mstari mweupe-manjano kama wanja uliopakwa mahali pasipo pake. Uzito wake ni gramu 9 hivi: vijiko viwili vya chai vya sukari.

Asubuhi, baina ya saa moja na saa tatu, simama chini ya mparachichi au mti wowote wenye majani madogo. Usiangalie ndege. Angalia majani. Jani moja litatikisika ilhali hakuna upepo, kisha jirani yake, kisha la tatu upande wa juu. Ndiye huyo. Hatulii. Anachungulia chini ya jani, anachomoa kitu kisichoonekana, anashusha mkia kidogo, anahama. Akija kwenye tawi la chini utaona miguu myembamba, ya rangi ya kahawia nyepesi. Mlio wake ni laini wa silabi mbili, *hu-iit*, kama mtu anayeuliza kitu asichotaka kujibiwa. Ukishamjua Kijani, nusu ya vitu vilivyokuwa "tundege tu" vitapata jina, na nusu nyingine utajua kwamba si yeye, jambo ambalo nalo ni elimu.

Kuna Kijani wanaotoka mbali kupita akili. Waliozaliana mashariki ya mbali ya Urusi walifungwa vidude vidogo vya kupima mwanga ili kujua walikopita, na ikagundulika kwamba husafiri takriban kilomita 13,000 hadi mashariki na kusini mwa Afrika. Vijana wa mwaka huo wanasafiri bila wazazi wa kuwaonyesha njia.

Mbayuwayu amejenga kiota barazani kwangu. Ni yule wa Ulaya?

Hapana. Mbayuwayu wa kaskazini, *Hirundo rustica*, hajengi kiota Uganda. Anayejenga kwa tope chini ya paa lako ni mwenyeji, na pande hizi za ziwa mara nyingi ni *Hirundo angolensis*, ambaye anafanana na mgeni kiasi cha kugombanisha watu. Tazama kifuani. Wa kaskazini ana ukanda mpana mweusi chini ya koo jekundu, na tumbo lake ni jeupe au rangi ya maziwa. Mwenyeji ana ukanda mwembamba uliokatikakatika, na tumbo lake ni la kijivujivu kama nguo nyeupe iliyofuliwa na ya rangi.

Usibomoe kiota kwa sababu ya kinyesi. Tundika ubao chini yake.

Yule wa kijivu anayekaa kwenye waya, anaruka, anarudi pale pale?

*Muscicapa striata*, mkamata nzi. Wa kwangu hukaa kwenye waya wa kuanikia nguo, mwisho wa upande wa mashariki, wima, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Ghafla anajirusha mita tatu hewani, mdomo unalia *tak*, anarudi mahali alipotoka, anapiga mabawa mara moja, ananyamaza. Niliwahi kumhesabu nikiwa na kikombe cha chai: safari 22 kabla chai haijapoa, na waya ule ule kila mara.

Hapa nikiri kosa langu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliandika daftarini kwamba ninao wakamata nzi wa kaskazini "mwaka mzima", nikajiona nimegundua jambo. Rafiki anayejua zaidi yangu alilisoma daftari, akaweka kidole kwenye mwezi wa Julai na kuniuliza, "Huyu alikosa ndege?" Nilikuwa nachanganya na mwenyeji, *Muscicapa adusta*, aliye mdogo zaidi, mviringo, asiye na michirizi wazi kwenye paji la uso na kifua. Yule wa kaskazini ni mrefu kidogo na ana michirizi hiyo. Tangu siku hiyo, tarehe naiangalia kabla ya rangi.

Na wale wa manjano kwenye uwanja wa mpira?

*Motacilla flava*. Wanakimbia, hawarukiruki, na mkia haukomi kutikisika. Penye ng'ombe ndipo penye wao, kwa kuwa kwato hufukuza wadudu kutoka majanini. Ng'ombe wa Ankole mmoja mwenye pembe za dhiraa mbili anaweza kuwa na watano miguuni. Wana jamii nyingi ndogo: madume ya huku kichwa cha buluu-kijivu, ya kule cheusi, mengine cha manjano, na kabla ya kuondoka Machi rangi hukolea mno. Jioni huenda kulala kwa makundi kwenye matete na mafunjo.

Nisipokuwa na bustani niende wapi?

Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ndiyo rahisi kuliko zote: miti mirefu, nyasi fupi na ufuo wa ziwa mahali pamoja. Kuna kiingilio getini. Fika mapema, kwani Jumapili mchana ni muziki na harusi. Kampasi ya Makerere nayo ina miti ya kutosha, na Kampala yenyewe imewahi kuwa maabara: mtafiti Pearson alichapisha mwaka 1972 utafiti kuhusu ndege wahamaji wadogo wanaokaa hapa hapa Kampala.

Kwa msitu hasa, Mabira uko kwenye barabara ya Jinja, una takriban kilomita za mraba 300, na Mpanga uko karibu na Mpigi kwenye barabara ya Masaka. Msituni usitarajie wahamaji wengi ndani kabisa, kwenye giza. Wengi hupenda ukingo, penye uwazi na jua la asubuhi. Msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ni mdogo. Jina lake limejulikana duniani kwa kirusi kilichogunduliwa kwa kima wa utafiti aliyewekwa hapo mwaka 1947, na ukimtajia mtu umekwenda huko kutazama ndege atasogeza kiti chake.

Kwa walio Mbale, Kabale au Fort Portal, nyanda za juu zina kitu ambacho sisi wa ziwani tunakiona kwa nadra: *Sylvia atricapilla*, dume mwenye kofia nyeusi, jike mwenye kofia ya hudhurungi. Kaskazini na maeneo makavu, tafuta penye nyasi fupi au udongo mtupu ndege aliyesimama wima, ambaye akiruka kiuno chake huwa cheupe. Huyo ni *Oenanthe oenanthe*. Ana gramu 25 tu, na baadhi yao walifuatiliwa kutoka Alaska hadi Afrika Mashariki, takriban kilomita 14,500 kwa safari moja.

Lazima ninunue darubini?

Mwaka wa kwanza, hapana. Masikio na subira vinatosha. Ukiamua kununua, chukua yenye maandishi 8x42 (inakuza mara nane) na uachane na zile za barabarani zinazodai kukuza mara 50. Picha za hizo hutetemeka kama bodaboda kwenye mashimo. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure na itakusaidia kulinganisha picha. Ikikupa jina la ndege wa Januari na wewe uko Juni, amini kalenda. Ukitaka wenzako, shirika la NatureUganda huandaa matembezi ya kutazama ndege, na wanaoanza hupokelewa.

Nikisimama na darubini majirani hawatanishuku?

Watakushuku. Mimi nilitembelewa na mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) akiwa na vijana wawili, kwa sababu mtu alisema ninapeleleza dirisha la chumba cha kulala. Nilimpa mwenyekiti darubini, nikamwelekeza kwenye mfenesi. Alikaa nayo nusu saa. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza mtaa mpya: salamu kwanza, jieleze kwa mwenyekiti, beba kitabu cha picha au daftari. Na usielekeze kamwe darubini au kamera kwenye Ikulu ya Entebbe, kambi ya jeshi, kituo cha polisi, uwanja wa ndege au bwawa la umeme, hata kama ndege wa maisha yako ametua kwenye ukuta wake. Mwache.

Niwawekee mchele au unga?

Hawali. Utalisha shomoro na panya. Weka maji: sahani pana ya udongo, kina cha kidole kimoja, ibadilishwe kila siku ili mbu wasizaliane. Acha kona moja ya kiwanja bila kufyekwa. Punguza dawa za kuua wadudu, kwa kuwa kiwavi uliyempulizia Jumatatu ndiye chakula cha Kijani cha Jumanne. Ukihitaji kivuli kipya, panda mtuba (wa jamii ya mkuyu) badala ya ule mti wa mapambo kutoka kitalu cha barabarani. Matunda ya mtuba huita ndege wa kila namna.

Paka afungiwe ndani alfajiri. Najua ni vigumu.

Watoto wa mtaani wana manati.

Kuwagombeza hakusaidii, wanahamia kiwanja kinachofuata. Kilichonisaidia ni kuwapa kazi ya kuhesabu. Mtoto aliyekuwa akilenga wakamata nzi sasa hunigongea mlango kuniambia wako wangapi, na hesabu yake ina chumvi kidogo lakini manati ameiweka. Kwa watu wazima, sheria ya wanyamapori ya 2019 hairuhusu kuwinda bila kibali.

Taa za usiku zinawadhuru?

Ndege wadogo wengi husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na usumaku wa dunia. Mwanga mkali, hasa kukiwa na ukungu, huwavuta na kuwapoteza. Mfano unaojulikana uko kwa jirani zetu Kenya: Ngulia, ndani ya Tsavo, ambako tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa na kuwavisha pete wahamaji wanaoshushwa na taa za hoteli usiku wenye ukungu. Novemba sisi tuna taa zetu za kunasa senene, zinazoangaza mlima mzima. Siwezi kumwambia mtu aache senene, hata mimi nawala, wakaangwe tu na kitunguu. Lakini taa ya usalama ya nyumbani inaweza kuelekezwa chini badala ya angani, na bili ya umeme itashukuru.

Si ndio wanaoleta homa ya mafua ya ndege?

Januari 2017 mafua hayo yalithibitishwa Uganda kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria na kwa kuku na bata wa kufugwa. Waliokufa ufukweni walikuwa ndege wa majini, si hawa wa bustanini. Hata hivyo kanuni ni moja: ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, na ukikuta wengi wamekufa mahali pamoja mwite ofisa mifugo wa eneo lako. Kumtazama ndege mtini hakukuambukizi kitu.

Nimekuta ndege mwenye pete mguuni.

Kama yu hai na anaruka, mpige picha kama unaweza, umwache. Kama amekufa, vaa mfuko wa plastiki mkononi, andika namba yote na maneno yote yaliyo kwenye pete, tarehe na mahali, kisha wapelekee NatureUganda. Usiichukue pete kumfanyia mtoto hirizi, niliwahi kuulizwa.

Wanaimba wakiwa huku?

Wengi hawaimbi sana Desemba. Lakini Machi, asubuhi moja tulivu baada ya mvua, Kijani atashusha wimbo wake wote kutoka juu ya mfenesi: noti zinazoanza juu na kuteremka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa na tray ya vikombe. Ni wimbo wa kutafuta mke, na mke atapatikana maelfu ya kilomita kutoka hapa. Anajaribu sauti tu.

Wakiondoka Aprili, niweke darubini kabatini?

Usithubutu. Wakati hao wanakwenda kaskazini, kuna wanaotoka kusini. Mbayuwayu wa buluu, *Hirundo atrocaerulea*, hutaga kwenye nyanda za juu za nyasi kuanzia Afrika Kusini hadi Malawi na kusini mwa Tanzania, kisha kuanzia Aprili hadi Septemba hivi huja kwenye nyasi za kandokando ya Ziwa Victoria, zikiwemo za Mabamba na Sango Bay. Ni miongoni mwa ndege walio hatarini, kwa sababu nyasi anazozihitaji hulimwa au kupandwa miti pande zote mbili za safari yake. Akigeuka dhidi ya jua mwili mzima huwaka buluu kama wino, na mkia una nyuzi mbili ndefu nyuma. Wa kwanza nilimwona Juni, Mabamba, wakati kila mtu kwenye mtumbwi alikuwa ameelekeza kamera upande wa pili, kwa bulwe.